Niliuza Mtamba Nikanunua Mwezi

Leo naomba tuongee polepole maana nina kesi. Mimi ni kijana wa Kikurya, mtoto wa Tarime, na niliuza mtamba wa boma ili nikapige picha ya mwezi. Wewe uliyekaa mjini unaweza kucheka mpaka chai ikakupalia. Lakini kwetu ng'ombe si kichekesho. Mtu anaweza kukusamehe kwa kumchukulia mchumba, akakununia miaka kumi kwa sababu ya ndama.

Kisa kilianza Januari 2025 kwenye kibanda cha mshikaji wangu mmoja fundi simu. Tulikuwa tumekaa tunapoteza muda kama kawaida yetu, akanionyesha picha kwenye simu. Mnara mweupe wa kuongozea meli, umesimama juu ya mwamba, na mwezi mzima umekaa kileleni kabisa, kama vile ndiyo taa yenyewe. Nikadhani ni ujanja wa kompyuta. Mshikaji akaniambia hapana, hao jamaa wa Ulaya na Marekani wanakaa na ramani na kalenda miezi kadhaa, wanatafuta siku moja na sehemu moja ya kusimama, mpaka mnara na mwezi vinyooke. Wengine wanavizia jua, wengine sayari.

Usiku ule sikulala. Nilimaliza kidato cha nne, hesabu nilipata alama ambayo sitaitaja hapa kwa heshima ya mwalimu wangu, lakini nilihisi kitu hiki nakiweza. Tatizo likawa moja tu: mnara wa taa nitautoa wapi?

Minara ya taa ipo pwani. Upo ule wa kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Unguja, uliojengwa mwaka 1904 na bado umesimama. Sasa Chumbe na Tarime ni wapi na wapi? Zamani wilaya yetu ilikuwa na ufukwe wa Ziwa Victoria, lakini mwaka 2007 ikazaliwa wilaya ya Rorya, ikaondoka na upande wa ziwa. Sisi tukabaki na vilima, migomba, baridi ya asubuhi na mpaka wa Sirari. Majirani zetu wa Serengeti ndiyo kabisa, wana nyumbu na simba wa kumwaga lakini hawana hata mtumbwi wa maana. Washikaji wakanikoga: "Kwani meli itapita Nyamongo?"

Nikawanyamazia. Siku moja jioni natoka sokoni, nikainua macho, nikauona mnara wa simu juu ya kilima. Chuma kitupu, kirefu, na kule juu kataa kekundu kamewaka ili ndege zisiugonge. Nikajiambia, kumbe tunao! Huu si unaongoza vyombo vya angani?

Basi nikaanza kusoma. Naomba niwape siri hizi bure kabisa, mwenye kutaka ajaribu.

Mwezi ni mkubwa lakini uko mbali, kwa hiyo kwa macho yetu upana wake ni nusu digrii tu. Kitu chochote ukikiangalia kutoka umbali wa mara 110 ya urefu wake, kinaonekana sawasawa na mwezi. Mnara wa mita 40 ukitaka uingie wote ndani ya mwezi, simama umbali wa mita 4,400. Ukikaa karibu, mnara unakuwa jitu na mwezi unakuwa kama kidonge cha klorokwini. Ndiyo maana wale jamaa wanasimama mbali sana halafu wanatumia lenzi ndefu ya kuvuta.

Jua nalo kwa macho linalingana na mwezi. Lina upana mara 400 hivi kuuzidi, lakini liko mbali mara 400 hivi pia. Ndiyo sababu mwezi unaweza kulifunika, kama watu walivyokwenda kushuhudia Rujewa kule Mbarali Septemba 1, 2016, likabaki pete. Ila jua usilichungulie kwenye lenzi hata siku moja. Macho hayana duka la vipuri.

Tena sisi tunaokaa karibu na ikweta tumependelewa. Huku jua na mwezi vinapanda karibu wima, kama mtu anapanda mnazi. Ulaya vinapanda kiubavuubavu. Lakini havichomozi sehemu ile ile kila siku. Jua linachomoza mashariki kamili mwezi wa Machi na Septemba, Juni linahamia kaskazini, Desemba kusini. Mwezi wenyewe ni mhuni zaidi, safari hiyo yote unaimaliza ndani ya wiki nne, na kila siku unachelewa kama dakika 50. Ukikosea siku moja tu, umekwisha.

Sasa vifaa. Simu yangu nilipoulenga mwezi ikatoa kitu kama tundu la sindano. Nikaelezwa kwamba hata lenzi ya milimita 300 inautoa mwezi ukiwa na upana wa milimita tatu hivi mle ndani ya kamera. Maana yake chini ya hapo ni kujidanganya. Kamera iliyotumika pamoja na lenzi hiyo ilikuwa inauzwa Mwanza, laki nane. Mfukoni nilikuwa na elfu kumi na saba.

Hapa ndipo shetani alipopita.

Mila yetu inasema hivi: ng'ombe wanaoletwa kumwoa dada, ndio kaka anawatoa akaoe. Dada yangu wa pekee ameolewa Mugumu, wilaya ya Serengeti. Alipoolewa waliletwa ng'ombe kumi na wawili, na kila mtu pale nyumbani alijua hao ni wangu. Nikioa. Basi mwezi wa Juni, mzee alipokwenda msibani upande wa pili wa mpaka akalala siku mbili, nikamtoa mtamba mmoja, mwekundu, mwenye doa jeupe pajani, nikamswaga hadi mnadani. Nikajiambia, si wangu lakini? Namuoa mwezi kwanza, mke baadaye.

Mzee aliporudi alihesabu. Mkurya anahesabu ng'ombe kwa macho kabla hajakaa kwenye kigoda. Hakunipiga, na ningefurahi kama angenipiga. Alisema, "Sawa," akanyamaza. Akanyamaza Juni, akanyamaza Julai. Mama akawa ndiyo simu ya upepo kati yetu: "Baba yako anasema ufunge lango." Na baba yangu amekaa pale pale, mita mbili!

Unaona sasa nilivyobanwa? Picha ilikuwa si mchezo tena. Nilihitaji kitu cha kuweka mezani badala ya mtamba.

Nafasi ya kwanza ikaja Agosti 12, 2025. Alfajiri ile Zuhura na Mshtarii, sayari mbili zinazong'aa kuliko zote, zilikaribiana hata digrii moja haikufika kati yao. Nikapiga hesabu, nikatafuta kishamba upande wa kusini-magharibi ya kilima chetu, nikaamka saa tisa usiku. Nimevaa makoti mawili. Saa kumi na moja ikafika, na ukungu ukafika nao. Wanaoijua Tarime wanaujua ukungu huo, unaingia bila hodi kama mgeni wa kijijini. Taa nyekundu ya mnara sikuiona, sembuse sayari. Nilirudi nyumbani nimelowa, nikamkuta mzee anakamua. Aliniangalia viatu, akaendelea kukamua.

Ikabaki tarehe moja: Jumapili, Septemba 7. Siku hiyo mwezi mpevu ulikuwa uchomoze jioni jua likizama, halafu upatwe wote kabisa. Kuanza kuliwa saa 1:27 usiku, kuwa mwekundu mzima kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52. Afrika Mashariki tulikuwa tunauona mwanzo mpaka mwisho. Na nilipoangalia ramani ya simu, nikaona sehemu nzuri kuliko zote ilikuwa nje kidogo ya Mugumu, penye mnara kwenye uwanda wazi. Kilomita nne na ushee magharibi ya mnara ule ni shamba la nani? La shemeji yangu.

Nikapanda gari Jumamosi. Tarime hadi Mugumu ni kilomita zisizopungua 80, unapita Nyamongo penye mgodi wa dhahabu, unavuka Mto Mara, vumbi linakuingia mpaka kwenye mawazo. Nimefika nimekuwa mwekundu kama yule mtamba.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu. Umekuja na mzigo gani huo unaoukumbatia kama mtoto?"

Nikamwambia ni kamera. Akasema, "Aha." Akaenda kuchota maji. Shemeji akanipokea vizuri, ugali wa mtama na wimbi, maziwa ya kuganda. Dada alikuwa anacheka na watoto wake, mimi ananihudumia tu. Nikadhani ni uchovu.

Jumapili nikaenda kuupima mnara. Nilisimika fimbo ya mita moja, nikapima kivuli chake, nikapima na cha mnara kwa hatua. Ilikuja kama mita 40. Nikarudi shambani, jioni nikaweka kamera juu ya kigoda na mfuko wa mchanga, maana stendi sina. Nikaielekeza mashariki, kusini kidogo. Saa 12:40 jioni, kwa hesabu zangu, mwezi ulitakiwa kuchomoza nyuma ya mnara kama sinia la harusi.

Saa 12:40 kulikuwa na wingu. Si wingu dogo, ni ukuta. Saa moja, wingu. Saa moja na nusu, mwezi ulikuwa tayari umeanza kuliwa huko nyuma na mimi naangalia blanketi. Nikaketi chini. Wasomaji, mwanaume halii, lakini moshi wa jikoni uliniingia macho na jiko lilikuwa mbali.

Dada akaja na kikombe cha chai. Akakaa kwenye nyasi pembeni yangu.

"Mtamba umemuuza shilingi ngapi?"

Nikashtuka. "Laki nane."

"Walikupunja." Akanyamaza kidogo. "Yule mwenye doa pajani. Unajua ni nani aliyemchagua mama yake? Siku wanahesabu mahari nilikuwa nimesimama dirishani. Nilikuwa nataka kwenda chuo cha uuguzi, unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilikuwa mdogo, lakini nilikumbuka fomu zilikuwa juu ya kabati.

"Nikaambiwa mdogo wako naye atahitaji kuoa. Nikasema haya. Nikachagua kale kandama kekundu kwa macho, nikajiambia, kale ndiyo mimi. Kakizaa, nitakuwa nimezaa nyumbani kwetu pia. Kakazaa yule mtamba. Wewe umemuuza, ukamwomba msamaha baba, ukamwomba msamaha mama. Mimi nimesikia kwa watu wa mnadani."

Sikuwa na la kusema. Miezi mitatu nilikuwa naogopa sura ya mzee, nikadhani ng'ombe ni wa mzee, au ni wangu. Haikuwahi kupita kichwani mwangu kwamba ng'ombe yule alikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni mtu mwenye miguu, anakaa Mugumu, na ndiye ananipikia chai.

"Dada, nisamehe. Nilikosa. Nilitakiwa nikuulize wewe."

"Ulitakiwa," akasema. Basi. Hakuniambia nimekusamehe. Tukakaa tunaangalia wingu.

Kama saa mbili wingu likapasuka. Mwezi huo hapo! Lakini umeshapanda juu, umeng'atwa nusu, na mnara uko chini kule kama njiti ya kiberiti. Havikutani hata kwa maombi. Nikaanza kufungasha.

Dada akaniuliza, "Sasa mbona unafunga?"

"Mwezi umeshapanda. Nilitaka uwe chini, usawa wa mnara."

"Kwani mnara umefungwa kamba na wewe? Ukimsogelea mtu mrefu si unamwangalia juu?"

Nikasimama na lenzi mkononi kama zezeta. Kweli bwana! Mwezi ukipanda, wewe usogee. Ukiwa umbali kama mara mbili ya urefu wa mnara, kilele chake unakiona juu digrii 27 hivi. Na saa mbili na nusu mwezi ungekuwa hapo hapo. Mita 40, mara mbili, mita 80. Kidato cha nne mimi, na jibu limetoka kwa mtu aliyenyimwa chuo kwa sababu yangu.

Shemeji akatoa pikipiki. Mimi kati, dada nyuma kashika tochi. Tumefika saa 2:25, tunatembea kwa miguu kuelekea uzio, mara sauti: "Simama hapo hapo!" Mlinzi, rungu mkono mmoja, tochi mkono mwingine. Kwenye minara hii kuna wezi wa dizeli ya jenereta, kwa hiyo sikumlaumu.

Dada akatangulia. "Shikamoo baba. Huyu ni mdogo wangu, anapiga picha. Si mwizi wa dizeli." Akakohoa. "Wa ng'ombe ndiyo, lakini dizeli hapana."

Mlinzi akacheka mpaka rungu likadondoka. Shemeji akacheka. Mimi nikacheka kwa nje.

Nikatoa lenzi ndefu, nikaweka ile ndogo iliyokuja na kamera, nikalala chali kwenye nyasi, mfuko wa mchanga chini ya kamera. Saa mbili na nusu juu ya alama mwanga wa mwisho ukazimika, mwezi ukawa mwekundu mzima, rangi ya udongo wa Tarime mvua ikinyesha. Sababu yake ni hii: dunia imeingia kati, imezuia jua, lakini hewa yetu inapindisha mwanga kidogo ukapita pembeni. Wa buluu unatawanyika njiani, mwekundu ndiyo unafika. Yaani unaona macheo na machweo yote ya dunia yamepakwa kwenye mwezi kwa wakati mmoja.

Na mwezi ukikolea wekundu, unafifia. Kumbe hilo ndilo nililohitaji bila kujua. Siku nyingine mwezi unang'aa mno, mnara unabaki giza. Usiku ule mwezi na kile kitaa cha mnara vilikuwa havipishani sana, vyote vyekundu, kimoja juu ya mwenzake. Chini kidogo, kushoto kwa vyuma, kulikuwa na nyota moja imetulia haipepesi. Ilikuwa Zohali, sayari yenye pete. Mnara, mwezi na sayari, vyote kwenye kiduara kimoja cha lenzi.

Mwezi unasogea upana wake mzima kwa dakika mbili tu. Kwa hiyo kila baada ya dakika kidogo nikawa najikokota mbele hatua moja, mbili, kama mtoto anayejifunza kutambaa, ili uendelee kukaa kileleni. Dada ananimulikia miiba. Nimepiga picha 61. Nzuri ni tatu. Moja ndiyo yenyewe.

Ile yenyewe nilienda kuisafisha studio, nakala mbili kubwa. Moja nikampelekea dada. Aliiangalia, akaitundika sebuleni, kwenye ukuta wa mbele. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi: "Mtamba nataka. Mwekundu. Doa si lazima." Nikaitikia, "Ndiyo, dada." Nilimshukuru moyoni. Deni lenye jina linabebeka kuliko lile lisilo na jina.

Ya pili nikaiweka mezani nyumbani. Mzee akavaa miwani. Akaisogeza, akaileta karibu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo. Mama amesimama mlangoni na ufagio, hapumui. Dakika nzima. Halafu mzee akaniangalia mimi usoni, mara ya kwanza tangu Juni, akauliza:

"Huu mwezi unakamuliwa?"

"Bado, baba."

"Haya. Ukianza kutoa maziwa niambie." Akatoka kwenda kufunga lango mwenyewe.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikajua mambo yameanza kukaa sawa, ingawa hayajakaa.

Siku hizi kamera ile inafanya kazi. Picha za vitambulisho, vipaimara, harusi za Sirari. Kila nikimaliza harusi natenga fungu la mtamba kwanza, ndipo nakula. Nimeshafika zaidi ya nusu ya kiasi. Na kila harusi bibi harusi akiwa anapambwa, huwa najiuliza huyu naye kaacha fomu gani juu ya kabati.

Na kalenda nimeshaiangalia. Kupatwa kwa mwezi mzima kutakakofuata kuonekana huku kwetu ni Desemba 31, 2028, mkesha wa mwaka mpya. Safari hiyo utachomoza kaskazini-mashariki ukiwa tayari umeng'atwa, na kama saa moja na robo usiku utakuwa mwekundu mzima, bado uko chini chini, kimo cha mnara. Hautahitaji kukimbizwa na pikipiki.

Nimemwambia dada ajiandae na tochi. Akaniuliza, "Na mtamba wangu utakuwa umefika?" Nikamwambia, dada, siku hiyo atakuwa ana ndama.

Haya wapenzi, tukutane wiki ijayo Mungu akipenda. Na wewe unayetaka kuuza kitu cha nyumbani, kwanza uliza ni cha nani.